Sakafu Inakwenda na Fundi Wake

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza, na paa nalo limeanza. Kila mwaka ni hivyo. Nje wingu halijafunga vizuri, ndani ya ukumbi tone la kwanza limeshafika palepale pake, karibu na mstari wa mitupo huru, upande wa benchi la wageni. Limeshaacha doa kwenye mbao, jeusi, lina umbo la sikio la mtu. Baba Kibonge ameliwekea ndoo na kulitukana. Nikacheka. Kibonge mgongoni naye akacheka, hata hajui kinachochekwa.

Daftari hili nimepewa na Shangazi wa Tiketi. Kasema niandike kidogo kidogo, mkono usije ukasahau. Shule niliiacha mapema, lakini mwandiko wangu mwalimu alikuwa anaupitisha darasa kwa darasa watu wauone. Shangazi mwenyewe si wa damu. Ni mama anayekaa kwenye kidirisha cha tiketi tangu timu ilipoanza, na kila mtu humu, hata kocha, anamwita Shangazi.

Tunakaa humuhumu ukumbini, chini ya jukwaa. Chumba ni kimoja, na dari yake ndiyo ngazi wanazokalia watu, kwa hiyo imeinama kama mtu anayetaka kukunong'oneza. Baba Kibonge ndiye fundi wa sakafu ya timu ya mpira wa kikapu. Ukiiona imetandikwa unadhani ni ubao mmoja mkubwa unaong'aa, kumbe ni vipande vingi, kila kimoja ni mzigo wa wanaume wawili. Ukumbi ukikodishwa kwa mkutano, anavifungua na kuviegemeza ukutani. Mechi ikikaribia, anavirudisha. Kila kipande kina jirani yake. Ukikipa jirani mwingine kinainuka pembeni kama jino bovu, na mchezaji anavunjika mguu. Mpangilio wote anao kichwani. Alirithi kwa mjomba wake, na mjomba alimwambia: sakafu hukaa kichwani, haikai kwenye karatasi.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mazoezi yalianza mchana, na mipira ilipoanza kudunda tu, Kibonge akalala. Watoto wengine wanabembelezwa kwa nyimbo. Wa kwangu tangu azaliwe wimbo wake ni huo mdundo juu ya mbao. Nikimwimbia mimi ananiangalia kama refa aliyeona faulo.

Jumamosi, 9 Machi

Tumeshinda! Mlingoti, yule mchezaji wetu mrefu kuliko wote, baada ya mechi alimbeba Kibonge akamnyanyua hadi kwenye pete ya kikapu. Nikapiga kelele.

"Shemeji, unaogopa nini? Mtoto wa fundi huyu. Akianguka, anaangukia kwa baba yake."

"Akianguka utakula jeuri yako, mrefu wewe!"

Jukwaa zima likacheka. Nimeandika ili Kibonge akikua asome kwamba alishika pete kabla hajajua kutambaa.

Alhamisi, 14 Machi

Shangazi alikuja asubuhi bila kubisha, redio mkononi, kitenge kimelowa hadi magotini.

"Mmesikia?"

"Tusikie nini, Shangazi?"

"Timu inahama."

Baba Kibonge alikuwa anakunywa chai. Akauliza, "Inahama kwenda uwanja gani?"

"Uwanja! Mji, baba. Inahamia mji mwingine kabisa. Jina jipya, rangi mpya. Tajiri mwenye timu ameuza huku akanunua huko, sijui amebadilishana na nani. Wanasema paa letu limechoka."

Nikasema labda ni maneno ya redioni tu, redio nayo inahitaji kuuza maneno. Shangazi akaniangalia kwa huruma ambayo sikuipenda.

Baba Kibonge akaweka kikombe chini, akaenda kumwaga ndoo.

Jumatatu, 18 Machi

Ni kweli. Tajiri mwenyewe amekuja. Watu walijaa nje tangu asubuhi, mvua ikiwapiga. Wengine walikuja na jezi za zamani, zile za rangi iliyofifia. Walimu, wauza duka, mafundi cherehani. Kinyozi anayenyolea watu mlangoni pa ukumbi alikuwa na bango, lakini wino ukayeyuka, likabaki limechuruzika tu, na yeye bado amelinyanyua.

Gari likasimama. Kioo kikashuka nusu. Tajiri akasema anawapenda sana, ila timu ya kulipwa haiwezi kucheza chini ya paa linalovuja.

Mtu mmoja akapaza sauti, "Paa tutalitengeneza sisi! Tupe wiki moja!"

Tajiri akatabasamu. Kioo kikapanda.

Nilidhani tabasamu lile lina maana ya ndiyo. Nilimwambia Baba Kibonge hivyo. Akasema, "Mama Kibonge, mtu akisema ndiyo hafungi kioo."

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Watu walipanda kweli juu ya paa, na mabati yao na misumari yao, wamelowa chapachapa. Walinzi wakawashusha.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nina furaha, naogopa hata kuiandika.

Meneja wa timu amekuja chumbani kwetu. Sijawahi kumwona akipita mlango huu. Ilibidi ainamishe kichwa kwa ajili ya dari, akakaa kwenye kiti chetu, akamchezea Kibonge shavu. Akasema timu inaondoka baada ya mechi ya mwisho, na Tajiri ameamua sakafu inakwenda pia. Kutengeneza nyingine kama ile ni kazi ya miezi.

"Na mimi?" Baba Kibonge akauliza.

"Ah, fundi! Sakafu inakwenda na fundi wake. Nani mwingine anaijua?"

Alipotoka nikamrukia mume wangu shingoni. Tunahamia mji mpya! Kibonge atalala na mdundo wake uleule. Nilimuuliza Baba Kibonge kama huko kuna baridi. Akasema hajui. Nikamuuliza kama chumba kitakuwa na dirisha. Akacheka, akasema nimwache kwanza apumue.

Nilikwenda kumwambia Shangazi. Kidirisha chake kimefungwa, siku hizi hakuna cha kuuza, lakini anakuja hivyo hivyo na kukaa nyuma yake. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Amesema lini?"

"Leo, Shangazi, sasa hivi."

"Nauliza amesema mtaondoka lini, na gari gani, mkalale wapi."

"Hayo atasema baadaye."

"Mwanangu, heri kenda shika kuliko kumi nenda uje."

"Shangazi nawe! Hata kenda yenyewe hatuna."

Nikajisikia vibaya, maana sisi tunakwenda na yeye anabaki. Nimejiambia wivu ni wa binadamu.

Jumatano, 3 Aprili

Kuna jambo. Meneja amemwambia Baba Kibonge aandike namba chini ya kila kipande cha sakafu, na mishale ya kuonyesha kipi kinapakana na kipi. Baba Kibonge amekataa. Amerudi amenuna, akakaa kitandani na viatu.

"Mjomba aliniambia haiandikwi."

"Mjomba alikuambia kabla sakafu haijapanda lori," nikasema. "Njiani vitachanganyika. Ukifika huko umechoka, utaanza kutafuta jirani wa kila kipande mbele ya watu?"

"Nitavijua. Navijua hata gizani."

"Najua unavijua. Lakini wataona unawafanyia kiburi. Mkubwa akikuomba kitu kidogo ukakataa, kikubwa atakupa?"

Nikamwambia tena, kwa upole, kwamba nitaandika mimi. Mwandiko wangu. Wakiona kazi ilivyonyooka watasema, huyu fundi na mkewe ni watu wa maana.

Kisha akavua viatu.

Jumamosi, 6 Aprili

Tumeanza. Yeye anafungua skurubu na kukigeuza kipande, mimi nachovya brashi kwenye rangi nyeupe. Kibonge amekaa katikati ya kiwanja kwenye kitambaa, anapiga makofi.

Nilisahau ni raha kiasi gani kuandika. Mbili yangu ina shingo ndefu. Saba yangu ina mkanda kiunoni, hivyo ndivyo mwalimu alivyotufundisha ili isifanane na moja. Mishale nayo nimeichora mizuri, na pembeni nimeongeza neno: HUYU ANAKAA NA HUYU. Meneja alipita akasimama.

"Mama, umeandika wewe?"

"Mimi."

"Hii hata mtoto ataipanga!"

Nilitabasamu hadi masikio yakauma. Baba Kibonge alikuwa amepiga magoti, bisibisi mkononi. Hakuinua kichwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Tumefika mstari wa katikati. Mvua haikatiki. Mgongo unaniuma, ila moyo mweupe.

Kipande chenye doa la sikio nilitaka kukisugua kidogo kwa msasa, kisije kikatutia aibu kwenye mji wa watu. Baba Kibonge akanishika mkono. "Kiache. Hicho ndicho kinachonionyesha nilipo."

Jumatano, 10 Aprili

Tumemaliza. Shangazi alikuja kuona. Akazunguka polepole, akainama, akasoma kipande kimoja kwa sauti: "Huyu anakaa na huyu." Akashika kiuno.

"Mwandiko wako ni mzuri, mwanangu."

"Asante, Shangazi."

"Ni mzuri mno."

Nikamuuliza ana maana gani. Akasema hana maana yoyote, amezeeka, na wazee huropoka. Akamchukua Kibonge akaenda naye kidirishani, kumwonyesha mvua.

Jumamosi, 13 Aprili

Mechi ya mwisho. Nilidhani watu watazomea. Hawakuzomea. Walikaa kimya, ukumbi umejaa hadi ngazini na kimya kimejaa vilevile, mipira inasikika kama kwenye mazoezi. Kibonge akalala katikati ya mechi, kwenye mapaja yangu, mbele ya umati wote ule.

Tulishinda au tulishindwa? Nimeuliza watu watatu na hakuna aliyejibu.

Baada ya filimbi hawakuondoka. Kinyozi akashuka akapiga magoti, akaigusa sakafu kwa kiganja. Wengine wakamfuata, mmoja mmoja, kama watu wanaoaga. Walinzi walisimama tu. Baba Kibonge alikuwa kwenye kona yake na tambara begani, ananiangalia, na mimi nikaona macho yake yamejaa. Nikafikiri, sisi tuna bahati, sisi tunakwenda nayo. Nikaona haya kwa kufikiri hivyo, lakini nilifikiri.

Jumanne, 16 Aprili

Malori yalikuja alfajiri. Nilikuwa nimeshafunga kila kitu: godoro kwa kamba, sufuria ndani ya ndoo, nguo za Kibonge ndani ya foronya. Nilivaa gauni langu la heshima.

Baba Kibonge aliongoza upakiaji mwenyewe. Alivifunika vipande kwa turubai, akafunga, akafungua, akafunga upya kwa sababu kona moja ilikuwa inaingiza maji. Waliondoa pete, viti vya benchi, saa ya matokeo, hata kile kikombe cha zamani cha ubingwa kilichopinda mpini. Wachezaji wakapanda basi. Mlingoti akamkumbatia mume wangu, akasema, "Tuonane huko, fundi."

Kisha Meneja akaja, mwavuli mkononi.

"Fundi, gari limejaa."

"Nitakaa juu ya turubai."

"Hapana, bwana, una familia. Ninyi tulieni kwanza. Tukifika, tukishapata pa kuwaweka, nitakupigia. Simu yako si ninayo?"

"Unayo."

"Basi. Wiki hii, wiki ijayo."

Nikasema, "Asante sana, bosi." Mimi ndiye niliyesema. Mume wangu alikuwa ameshika kamba ya lori, na lori lilipoanza kutembea akatembea nalo hatua kadhaa kabla hajaiachia.

Sijafungua mizigo. Kwa nini nifungue, halafu nifunge tena?

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua. Simu haijaita.

Jumatatu, 22 Aprili

Simu haijaita. Kibonge halali. Analia hadi sauti inapasuka, anageuza kichwa kwenye ukuta wa ukumbini, anasikiliza, halafu anaanza upya.

Jumatano, 24 Aprili

Baba Kibonge ameokota mpira wa zamani, akaupuliza, akaenda kuudundisha ukumbini. Lakini chini sasa ni saruji tupu. Sauti yake ni kavu, haina tumbo. Kibonge alinyamaza kidogo kusikiliza, akamwangalia baba yake kama mtu aliyedanganywa, akalia zaidi. Baba Kibonge akaendelea kudundisha muda mrefu peke yake, na tone likidondoka nyuma yake. Hakuna aliyeliwekea ndoo.

Ijumaa, 26 Aprili

Labda Meneja amepoteza simu. Watu wanaohama hupoteza vitu.

Alhamisi, 2 Mei

Ukumbi umepata mpangaji, utakuwa ghala la saruji. Mlinzi alikuja kutuambia, ametazama chini muda wote. "Dada, mimi nimetumwa tu."

Baba Kibonge amempigia Meneja. Inaita, haipokelewi. Amepiga tena, ikakatwa. Akaiweka simu mezani taratibu, kama kitu cha kuvunjika.

Mizigo yangu, vizuri kwamba sikuifungua.

Jumamosi, 4 Mei

Tumehamia kwa Shangazi, chumba cha uani. Kina dirisha. Ametupokea bila neno hata moja la "niliwaambia". Nililisubiri siku nzima. Jioni nikamwambia, "Shangazi, sema tu." Akasema, "Niseme nini? Chukua ufagio, chumba kina vumbi."

Televisheni yake ameifunika kitambaa. Ameapa hatawaangalia wale watu tena. Anawaita hivyo, wale watu. Anasema bora atazame ukuta, ukuta haujawahi kumhama mtu.

Jumanne, 7 Mei

Mlingoti amepiga. Baba Kibonge ametoka kutafuta kibarua, simu aliniachia mimi, isije ikaita yuko kwenye kelele.

"Shemeji! Habari za huko? Kibonge hajambo?"

"Hajambo. Nyie mmefika salama? Sakafu imefika?"

"Imefika na imeshatandikwa! Ndiyo maana nimepiga. Shemeji, mmetupa sifa. Waliitwa vijana tu wa mtaani, wala si mafundi, wakasoma zile namba zako, siku moja wakamaliza. Meneja anawaonyesha wageni. Anasema tazameni, huyu anakaa na huyu! Watu wanacheka, wanasifu."

Nikasema, "Ahaa."

"Kwa hiyo fundi anakuja lini? Nimemuuliza Meneja, kasema nyie mmeamua kubaki kwanza."

Nikasema, "Ahaa," mara ya pili. Nadhani alikuwa anasubiri neno lingine. Alinitakia heri, kwa moyo kabisa, ni mtu mwema yule. Nilikaa na simu sikioni baada ya yeye kukata.

Hata mtoto ataipanga. Nilitabasamu siku ile. Nilifurahi.

Jumatano, 8 Mei

Sijamwambia. Nimemwekea chai. Sijamwambia.

Alhamisi, 9 Mei

Nimemwambia. Alikuwa ananawa miguu uani, imejaa tope la kibarua. Nilisema yote bila kupumua: Mlingoti, vijana, namba, Meneja. Nikasema, ni mimi. Ni mkono wangu uliokutoa kazini. Wewe ulikataa na mimi nikakusukuma.

Akaendelea kumimina maji.

"Najua," akasema.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu tulipofika mstari wa katikati. Meneja hakuja tena kuniuliza kitu. Alikuwa anasoma."

"Na hukunizuia?"

"Ulikuwa unaimba, Mama Kibonge. Tangu nikuoe sijakusikia ukiimba ukiwa unafanya kazi." Akafuta mguu mmoja. "Halafu wangeichukua tu. Bila namba wangeitandika vibaya, mtu akavunjika mguu. Mlingoti, pengine."

Nikalia hapo hapo. Akaniambia nisilie, Kibonge ndiyo kwanza amenyamaza. Nikalia kimya kimya.

Jumatatu, 13 Mei

Mvua imepungua. Baba Kibonge amepata kazi ya kubeba mifuko ya saruji. Ni kwenye lile ghala. Anasema akiingia bado anatembea pembeni pembeni, asije akaikanyaga sakafu na viatu.

Jumamosi, 18 Mei

Leo mchana Kibonge alilia tangu chakula hadi nikahisi kichwa kinapasuka. Shangazi alimbeba, Baba Kibonge alimbeba, kinyozi aliyekuja kusalimia alimbeba. Hola. Kinyozi akasema, kwa aibu, kwamba leo wale watu wana mechi yao ya kwanza, na kwamba kwake umeme umekatika.

Shangazi akafyonza. "Kwa hiyo umekuja kuniamkia mimi au televisheni?"

"Vyote, Shangazi."

"Mna njaa ya kuumizwa ninyi." Lakini akakitoa kitambaa.

Sikutaka kuangalia. Baba Kibonge alivuta kigoda hadi karibu kabisa na kioo. Walionyesha ukumbi mpya, mkubwa, watu wamevaa rangi ngeni wanashangilia jina geni. Kisha wakaionyesha sakafu. Imepakwa nembo mpya katikati. Lakini pale karibu na mstari wa mitupo huru, upande wa benchi la wageni, niliona sikio. Palepale pake.

Mume wangu alikuwa anaangalia chini ya wachezaji, si wachezaji wenyewe. Macho yake yalikwenda kona hadi kona, kipande hadi kipande. Nilijua anachotafuta. Alitafuta jino bovu, hata moja. Nami, Mungu anisamehe, nilimtafutia.

"Wameipanga vizuri," akasema mwishowe.

Mlingoti akauchukua mpira, akaanza kuudundisha kwenda mbele polepole. Du. Du. Du. Mbao zetu.

Kilio kikakatika. Nikadhani Kibonge amepaliwa. Nikamwangalia: amegeuza kichwa kwenye televisheni, mdomo wazi, machozi bado shavuni. Kope zikashuka, zikapanda, zikashuka. Akalala mzimamzima begani kwangu, mzito, kama zamani chini ya jukwaa.

Tukabaki tumeganda, kila mtu anaogopa kukohoa. Kinyozi akanong'ona, "Nizime?"

Shangazi akampiga kibao cha mkono. Kisha akajivuta hadi kwenye televisheni, akawaangalia wale watu kwa chuki yake yote, na akaongeza sauti.

Jumapili, 19 Mei

Jua. Nimeanika kila kitu.

Kibonge hajalala tangu aamke. Nimeuliza: mechi nyingine ni Jumatano.